Msondo na Sikinde: Jina la Bendi Limebeba Nini?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Kunduchi. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa, ili kila mwanafunzi alisome tena kwa wakati wake.

Natumaini mmekwisha keti, na kila mmoja ana daftari na kalamu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne kwa herufi kubwa: MSONDO. SIKINDE. UKAE. MTINDO. Wanafunzi, yasomeni mara moja kwa sauti. Vizuri. Sasa yaacheni hapo ubaoni, tutayarudia moja baada ya jingine.

Mlianza na herufi. Kisha mkajifunza silabi, kisha neno zima, kisha sentensi. Leo tunapanda ngazi moja zaidi. Leo tutasoma jina.

Pengine mmoja wenu atauliza: "Jina nalo lina ugumu gani? Si neno kama maneno mengine?" La, jina si kama maneno mengine. Neno kama maji, au jembe, huleta kitu kimoja akilini. Jina huleta kitu hicho, na nyuma yake hufuata watu, mahali, heshima, kicheko, na pengine aibu. Ndiyo maana wazee wetu hawamwiti mtoto jina kwa haraka. Hukaa kwanza, wakafikiri ni jina la nani, na litamfuata vipi.

Nendeni pwani hapo Kunduchi saa ambayo vyombo vimevutwa mchangani. Mtaona majina yameandikwa ubavuni. Tuseme moja limeandikwa SUBIRA. Mwenye chombo hicho hakukusudia kuwafundisha watu Kiswahili. Anasema habari zake: kwamba alingoja, kwamba alidharauliwa, na kwamba mwishowe amepata. Asiyejua habari hizo atasoma herufi sita tu. Anayejua atasoma maisha ya mtu.

Basi leo tutatazama majina ya bendi mbili mashuhuri za muziki wa dansi. Mmezisikia redioni miaka mingi, na wengine mmezicheza. Jina la bendi ya kwanza ni Msondo Ngoma. La pili ni Sikinde Ngoma ya Ukae. Twende polepole.

BENDI NA MTINDO

Kwanza tulieleze neno MTINDO. Katika muziki wa dansi wa nchi yetu, bendi ilikuwa na majina mawili. Moja lilikuwa jina la kuandikishwa, na mara nyingi lilitaja mji au mwenye vyombo. La pili lilikuwa jina la mtindo wake, yaani namna yake ya kupiga na ya kucheza. Western Jazz walikuwa na Saboso. Morogoro Jazz walikuwa na Sululu. Kila mtindo ulikuwa kama bendera. Shabiki hakusema tu, "Naipenda bendi fulani." Alisema, "Mimi ni mtu wa Saboso."

Tazameni sasa jina la kuandikishwa. Neno "Jazz" limerudi mara mbili hapo juu. Neno hilo ni la Marekani, na huko lina muziki wake maalumu. Bendi zetu hazikuwa zikipiga muziki ule. Zilipenda zaidi rumba, iliyotoka Cuba ikaja kwetu kwa sahani za santuri. Kwa nini basi zikajiita Jazz? Kwa sababu hapa kwetu neno hilo lilikwisha pata maana nyingine. Lilikuwa na maana ya vyombo vya kisasa, viatu vilivyopigwa rangi, na ukumbi wa mjini. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Katika siku zile za utawala wa kigeni, kijana aliyejiita mtu wa Jazz alikuwa anasema: "Nami ni mtu wa ulimwengu huu wa leo, msinifanye mshamba."

Hilo lilikuwa dai la heshima, na hatuna haja ya kulicheka. Lakini lilikuwa na upande wake wa pili. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Bunge baada ya kuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika. Alieleza kwamba wengi wetu tumejifunza kucheza rumba, chachacha na twisti, lakini wanaojua gombe sugu au mangala ni wangapi? Wengine hata kuzisikia hawajazisikia. Katika hotuba hiyohiyo alitangaza kuanzishwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Swali lake lilikuwa zito. Mtu anaweza kuwa wa kisasa bila kusahau nyumbani kwao?

Wekeni swali hilo kichwani, tuendelee.

MSONDO

Mwaka 1964 chama kimoja cha wafanyakazi kilianzishwa kwa nchi nzima, kikaitwa NUTA. Mwaka huohuo ikaanzishwa bendi yake, NUTA Jazz Band. Kwa hiyo jina la kuandikishwa lilikuwa la kizungu tupu: herufi za kifupi cha chama, na neno Jazz. Lakini mtindo wake ukaitwa MSONDO.

Sasa someni neno hili tena: m-so-ndo. Msondo ni nini? Msondo ni ngoma kubwa, ndefu, iliyochongwa kwa gogo la mti. Nayo haikupigwa ovyo. Pwani yetu hii ilikuwa ngoma ya unyago, ya kumtoa mwali. Msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani, akakabidhiwa kwa kungwi, akafundishwa mambo ya utu uzima: usafi, ndoa, uzazi, na namna ya kuishi na watu. Mafundisho hayo yalitolewa kwa nyimbo zenye mafumbo. Ngoma ikilia, kila mtu kijijini alijua kwamba kuna kazi ya wanawake inafanyika pale. Wanaume walipita mbali.

Hapa ndipo penye fumbo letu. Bendi ya wafanyakazi, yenye magitaa na matarumbeta, waimbaji wake wanaume, ikipiga katika kumbi za starehe mbele ya kila mlipa kiingilio, ilichukuaje jina la ngoma ya wanawake?

Wako wazee wanaosema halikuwa jambo jema. Wanasema kitu cha ndani kimetolewa nje, na kilichokuwa cha heshima kimekwenda kukaa karibu na chupa za bia. Tusiwabeze wanaosema hivyo. Mwenye mali anapoona mali yake mikononi mwa mwingine, ana haki ya kuuliza.

Lakini yafikirini na haya. Msondo wa unyagoni ulikuwa unafanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa kuita watu. Sauti yake ilisema, "Njoni, kuna jambo." Kazi ya pili ilikuwa kufundisha kwa wimbo. Sasa zikumbukeni nyimbo za bendi hii mlizozisikia redioni. Zinaimba nini? Zinaimba juu ya ndoa na talaka, watoto, ulevi, wivu, marafiki wabaya, kazi na umaskini. Mara nyingi ni maneno ya mtu mzima anayemwasa mwenzake. Naona, basi, kwamba jina lile halikuokotwa tu njiani. Bendi iliziacha nje siri za wanawake, ambazo haikuwa na haki nazo. Ikachukua mambo mawili yaliyoweza kutoka hadharani, yaani kuita na kuasa.

Na sasa tazameni ajabu ya jina hili. Chama cha wafanyakazi kilibadilika. NUTA ilipoondoka, miaka ya mwisho ya 1970, ikaja JUWATA, na bendi ikaitwa JUWATA Jazz. Mwaka 1991 ikaja OTTU, na bendi ikaitwa OTTU Jazz. Kila mara mchora mabango alifuta jina la zamani akaandika jipya. Lakini watu waliendelea kusema, "Leo twende Msondo." Mwishowe bendi haikuwa tena chini ya chama cha wafanyakazi, na lile jina la mtindo likawa ndilo jina la bendi yenyewe: Msondo Ngoma.

NUTA, JUWATA na OTTU ni herufi zilizoandikwa na ofisi, na ofisi ilipofungwa zikabaki kwenye makaratasi. Msondo ulikuwa umeandikwa mahali pengine, katika masikio ya watu.

SIKINDE, NGOMA YA UKAE

Haya, tulishike neno la pili. Mwaka 1978 ilianzishwa bendi nyingine Dar es Salaam, ikaitwa Mlimani Park Orchestra. Ilikuwa chini ya shirika la usafiri na teksi, TTTS. Mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC, ikawa DDC Mlimani Park Orchestra. Baadhi ya waanzilishi wake walitoka JUWATA Jazz, na mmoja wao alikuwa mwimbaji mashuhuri Muhidin Maalim Gurumo.

Jina la kuandikishwa, mnaona, ni refu na lina maneno ya kigeni. Lakini mtindo wake ni SIKINDE, na mashabiki huongeza: NGOMA YA UKAE.

Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa pwani hii yetu. Neno la pili, ukae, ndilo linalowatatiza wengi. Mwanafunzi, lisome: u-ka-e. Ukilisoma kwa Kiswahili, utaona ni kitenzi, kukaa. Ukae, yaani wewe uketi. Basi "ngoma ya ukae" itakuwa ngoma ya kuketi! Ni ngoma gani hiyo inayomwambia mchezaji aketi? Nimesikia watu wazima wakibishana juu ya jambo hili. Mmoja anasema maana yake ni ngoma tamu, ukifika hutaki kuondoka, lazima ukae. Hayo ni maelezo mazuri, lakini yamepatikana kwa kubahatisha.

Neno hilo ni la Kizaramo. Kwa Kizaramo, ukae ni nyumbani. Ni ndugu wa neno kaya, ambalo mnalitumia mnaposema "mkuu wa kaya". Basi Sikinde, Ngoma ya Ukae, ni Sikinde, Ngoma ya Nyumbani.

Herufi ni zilezile nne. Msomaji mmoja ameona kiti, mwingine ameona nyumbani kwao. Hapo ndipo tofauti ya kulitamka neno na kulijua ilipo.

Sasa tujiulize: kwa nini kusema "nyumbani" katika mji kama huu? Dar es Salaam ilijaa watu waliotoka mbali. Wako waliotoka Mwanza, Songea, Kigoma, Kilimanjaro. Hata ninyi wa Kunduchi leo, mkihesabiana darasani hapo, hamtakosa makabila mengi. Lakini ardhi hii ilikuwa na watu kabla ya barabara na mabaa. Bendi ya mji mkubwa ilipojiita kwa jina la ngoma ya Wazaramo, ilikuwa kama mgeni aliyepiga hodi kwa mwenye nyumba kwa lugha ya mwenye nyumba. Na aliyetoka Songea alipocheza Sikinde, naye aliingizwa katika nyumbani hapo, ingawa hakuzaliwa hapo.

Kumbukeni lile swali la mwaka 1962. Naona bendi hizi mbili zilitoa jibu bila kutoa hotuba. Gitaa lilibaki na rumba ikabaki. Lakini juu ya mlango wa muziki ule wa kisasa waliandika jina la nyumbani.

Msondo na Sikinde wamekuwa watani wa jadi, kama Simba na Yanga. Mashabiki hutupiana maneno, na siku ya mpambano ukumbi hujaa. Lakini watani ni watu wa karibu, hamtaniani na msiyemjua. Gurumo aliimba Msondo, akahamia Sikinde, akaenda bendi nyingine, kisha akarudi Msondo. Alifariki Aprili 2014, akazikwa Masaki, Kisarawe, katika nchi ya Wazaramo. Mtu huyo mmoja alikuwa amebeba majina yote mawili.

JINA LIKIHAMA, MAANA HUBADILIKA

Msifikiri kwamba mambo haya ni ya kwetu tu. Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, alizaliwa mtoto wa Kiparsi, Farrokh Bulsara. Mwaka 1964 familia yake ilihamia Uingereza. Mwaka 1970, katika jiji la London, yeye na wenzake walianzisha bendi ya muziki wa roki, naye akashikilia iitwe Queen, yaani Malkia. Ndiye ambaye dunia nzima ilimjua kwa jina la Freddie Mercury, hadi alipofariki mwaka 1991. Jina hilo lilikuwa na vyumba viwili. Katika chumba kimoja mlikuwa na fahari ya kiti cha enzi. Katika chumba cha pili mlikuwa na neno la mitaani la Waingereza, la kumtania mwanamume anayejiweka kike. Alijua vyumba vyote viwili, akalichagua vilevile. Mgeni mwenye kamusi tu angeona malkia, basi.

Na hapa kwetu, sikilizeni habari ya neno CHAKACHUA. Wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Urafiki, pale Ubungo, walikuwa na bendi yao, Urafiki Jazz. Mtindo wao uliitwa Chakachua. Wakati huo lilikuwa neno la furaha na la kucheza. Miaka ikapita. Kufika mwaka 2010 hivi, watu walianza kusema mafuta ya petroli yaliyochanganywa na mafuta ya taa "yamechakachuliwa". Neno likaenea upesi, likawa la kila kitu kilichotiwa udanganyifu, hata kura. Kijana wa leo ukimwambia kwamba zamani watu walivaa vizuri wakaenda kuicheza Chakachua, atacheka. Amepata neno, hakupata historia yake.

Hilo laweza kuupata Msondo pia, na limekwisha anza. Waulizeni watoto wenu: "Msondo ni nini?" Wengi watajibu, "Ni bendi ya wazee." Wachache mno watasema ni ngoma iliyochongwa kwa gogo. Ukae nao umekuwa kiti. Jina halifi siku moja. Kwanza hufa mtu aliyejua maana yake, kisha jina hubaki likitamkwa kama ganda la nazi lisilo na kitu ndani.

KAZI YENU

Ninyi mliojifunza kusoma na kuandika mkiwa watu wazima mna nafasi ambayo mtoto wa shule hana. Mtoto ana kalamu, lakini hajui amuulize nani. Ninyi mnawajua wazee, mnaijua adabu ya kuwauliza, na sasa kalamu mnayo.

Basi kabla ya somo lijalo, kila mmoja amwendee mzee mmoja, wa Kunduchi au wa kwao alikotoka. Mwamkie kwanza, mjulie hali, mkae kitako. Kisha mwulize jina la ngoma moja aliyoijua ujanani mwake: ilipigwa wapi, ilipigwa lini, na jina lake lina maana gani. Ikiwa ni ngoma ya unyago au ya jando, msimchimbe siri zake. Kuna mambo ambayo hayakuwekwa ili yaandikwe, na mwenye elimu huheshimu mpaka huo. Jina na maana yake vinatosha. Andikeni mistari mitano, kwa maneno yake mwenyewe, na chini yake mwandike tarehe.

Kila jina mtakalokutana nalo, liwe la bendi, la duka, la mtaa au la chombo cha baharini, liulizeni maswali matatu. Limetoka wapi? Nani amelichukua, na kwa nini? Katika safari yake limeacha nini na limeokota nini? Mkifanya hivyo mtakuwa mmepita daraja la kutamka, na kusoma kwenyewe kutakuwa kumeanza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mtindo ni nini katika muziki wa dansi? Taja mitindo mitatu iliyotajwa katika somo.

2. Msondo wa unyagoni ulifanya kazi gani mbili? Bendi ilichukua nini, ikaacha nini?

3. Neno "ukae" lina maana gani kwa Kiswahili, na lina maana gani kwa Kizaramo?

4. Bendi ya NUTA ilibadili majina mara nyingi. Kwa nini jina Msondo halikufutika?

5. Je, ni halali jina la ngoma ya ndani kutumiwa katika ukumbi wa starehe? Wanaosema ndiyo na wanaosema hapana wapewe nafasi sawa. Mwalimu asikate shauri mpaka wote wamesema.

Nawatakia kazi njema na usomaji mwema. Kwaherini hadi somo lijalo.